Haki ya Asiyeomba



Mwenzetu akivunjika mguu uwanjani siku ya Jumamosi, kabla ya Isha kikundi cha WhatsApp kimeshajaa majina na viwango: fulani shilingi 5,000, fulani 10,000, Amiri kaongeza 20,000. Jumapili mguu umefungwa plasta, na Jumatatu pana zamu ya kumbebea begi na kumletea chakula. Jambo hili tunalifanya vizuri, alhamdulillah, na anayesema vijana wa siku hizi hawana huruma hajawahi kuishi hosteli. Lakini mwenzetu mwingine akilala wiki mbili, haendi darasani, hali, hafui, haonekani msikitini, tunamtumia sauti ya mawaidha kuhusu subira. Mara nyingine hata hiyo hatutumi. Tunasema "siku hizi kabadilika," kisha tunarudi kwenye majaribio yetu na ripoti zetu.

Je, huyu wa pili ana haki katika mali yetu na wakati wetu kama aliyo nayo yule wa mguu, au haki yake inaishia kwenye dua? Na kama anayo, ni haki ya kupewa nini hasa? Swali la kwanza naliona jepesi. La pili ndilo lililonikalisha, kwa sababu ukilifuata unagundua kuwa vingi tunavyompa mgonjwa wa nafsi ni vile vinavyotugharimu kidogo sisi. Anachokihitaji yeye hatujakiuliza.

Tuanze na neno lenyewe, haki. Katika Suratul-Ma'aarij, aya ya 24 na 25, na tena katika Adh-Dhaariyaat, aya ya 19, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawasifu watu ambao ndani ya mali zao mna haki ya mwenye kuomba na ya al-mahruum. Wafasiri wamesema mengi juu ya huyu al-mahruum. Moja ya kauli zao mashuhuri ni kwamba ni mhitaji asiyeomba, kwa hiyo watu humdhani anajitosheleza, wakampita. Al-Baqara, aya ya 273, inawataja watu wa namna hiyo hiyo: asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, lakini wewe utawatambua kwa alama zao. Tazama mzigo umewekwa kwa nani. Hakuambiwa mhitaji ajieleze vizuri zaidi. Ameambiwa mtoaji ajifunze kusoma alama.

Na alama tunaziona, tusijifanye hatuzioni. Sahani ya posho na maharage inarudi ilivyokwenda. Daftari halina neno tangu wiki ya nne ya muhula. Mtu aliyekuwa akiadhini Alfajiri sasa analala hadi Adhuhuri, na usiku saa nane taa ya simu yake bado inawaka. Dada aliyekuwa akiongoza halaka ameacha kuja na hakutoa udhuru. Kila mmoja wetu chumbani kwake ameona moja ya hizi. Tatizo ni kwamba mguu uliovunjika unajitangaza wenyewe, na huyu wa pili akiulizwa hujibu "niko poa." Huyo ndiye asiyeomba.

Tena haki si fadhila. Ikiwa ni fadhila, mimi ndiye ninayechagua nitoe nini. Ikiwa ni haki, basi kinachodaiwa ndicho kinachopaswa kulipwa. Aliyekopa gunia la mahindi halipi kwa mawaidha, hata yawe mazuri namna gani.

Wapo watakaonikatiza hapa. Watasema maradhi haya ni upungufu wa imani na dawa yake ni Qur'ani na swala. Siwajibu kwa dharau, kwa sababu Qur'ani ni shifaa na wapo watu ambao rakaa mbili za usiku ziliwatuliza kuliko kitu kingine chochote. Ila hoja hiyo ikitolewa kwa jumla jumla inawagusa watu ambao hakuna kati yetu anayethubutu kuwatuhumu. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe; habari imo katika Suratu Yusuf. Bibi Maryam (A.S.), uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani lau angekwisha kufa kabla ya hayo na kusahauliwa kabisa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akikithirisha kuomba kinga dhidi ya wahaka na huzuni, kama alivyopokea Anas (R.A.) katika Bukhari. Mtu haombi kinga dhidi ya jambo ambalo haliwezi kumfika muumini.

Kwa sisi tunaosoma masomo ya dini upo mfano wa karibu zaidi, maana huyu ni mtu ambaye vitabu vyake tunavibeba kwapani. Imam al-Ghazali, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa kuliko wote wa Nidhamiyya kule Baghdad, ulimi ulimgoma. Anasimulia mwenyewe katika Al-Munqidh kwamba alijitahidi kufundisha walau siku moja kuwaridhisha wanafunzi wake na neno halikutoka. Chakula nacho kikawa hakipiti. Madaktari wakasema jambo limeanzia moyoni na kuingia mwilini. Sidai kwamba hiyo ilikuwa sonona kama wanavyoiita leo, maana kumpima mtu aliyeishi zaidi ya miaka mia tisa iliyopita ni mchezo nisioupenda. Nasema tu kwamba hakuna aliyemwambia Hujjatul-Islam akaswali kwanza.

Aliyenisaidia zaidi kupanga fikra ni mwanachuoni wa zamani kuliko Ghazali, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu kinachoitwa Masaalihul-Abdaan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi, na kwa muda mrefu sisi wenyewe tulikisahau. Humo anaigawa huzuni mara mbili. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Ipo nyingine ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi; haina msiba wala hasara nyuma yake, inamwelemea tu na kumwondolea uchangamfu na ladha ya kila kitu. Hii ya pili aliirudisha kwenye mwili, akasema itibiwe na mwili. Maelezo yake kuhusu damu ni ya tiba ya zama zile na hayatufungi. Mgawanyo wenyewe, hata hivyo, una faida kubwa kwa mtu anayeshika ufunguo wa kisanduku cha sadaka, kwa kuwa kila huzuni ina sadaka yake.

Chukua ile yenye sababu. Vyuoni kwetu sababu mara nyingi ina tarakimu: ni karo. Mtu hajamaliza kulipa, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihani imebandikwa, jina lake halimo, na nyumbani mama amekwisha kuuza ng'ombe wa mwisho. Huyu ukimpeleka kwa mshauri nasaha utakuwa umefanya jambo jema, lakini deni litamsubiri mlangoni akitoka. Katika yale mafungu manane ya zaka ya Suratut-Tawba, aya ya 60, limo fungu la wenye madeni. Kumlipia deni ndiko kumtibu. Naandika hivi kwa sababu siku hizi imekuwa rahisi kualika mzungumzaji, kuchapisha fulana za afya ya akili na kupiga picha ya pamoja, ilhali gharama ya hizo fulana ingewaingiza watu wawili kwenye mtihani.

Na aliyefiwa? Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bi Aisha (R.A.) akipatwa na msiba katika jamaa zake, wanawake wakishatawanyika na kubaki watu wa karibu, aliagiza chungu cha talbina, uji mwepesi wa shayiri, akawaambia wale, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema unaupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Mimi huvutiwa na wakati aliouchagua. Uji ulipikwa baada ya watu kutawanyika. Sisi tunajaa siku ya maziko, tunasoma khitma, kisha yule kijana anarudi chuoni baada ya siku kumi na hakuna anayejua amekula nini usiku ule.

Sasa ile huzuni ya pili, isiyo na jina. Hapa sadaka ni hospitali, na hospitali Uganda si hadithi ya mbali. Butabika, pale Kampala, ipo tangu mwaka 1955, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya magonjwa ya akili. Lakini Butabika kwetu limekuwa neno la mzaha: mtu akisema jambo la ajabu anaambiwa apelekwe Butabika, wote wanacheka, na aliyeketi pembeni akiwa na cheti cha kliniki mfukoni anacheka nao. Mzaha ule una bei. Ndio unaomfanya mtu achelewe mwaka mzima.

Hospitali za serikali hazitozi ada katika wodi za kawaida, jambo linalowafanya wengi wadhani hakuna cha kuchangia. Kipo. Ipo nauli ya kwenda na kurudi, dawa ikikosekana hospitalini inanunuliwa dukani, na mgonjwa hupangiwa kurudi mwezi ujao, na ujao, na ujao. Mguu unahitaji mchango wa usiku mmoja. Sonona inahitaji shilingi 2,000 za kila mwezi, na hizo ndizo ngumu kwetu, maana hazina msisimko. Hadithi ya Bi Aisha (R.A.) kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu hata zikiwa chache, tunaitumia sana kwa rakaa. Itumike na kwa mfuko.

Wazee wetu katika Uislamu walilielewa hilo, na jibu lao likawa wakfu. Nuruddin Zanki alijenga bimaristani yake Damascus mwaka 1154. Wanahistoria wanasimulia kwamba Qalawun, kabla hajawa sultani, aliugua akatibiwa kwa dawa za hospitali ile, akaweka nadhiri. Mwaka 1284 ikasimama bimaristani ya Mansuri mjini Cairo, wazi kwa mwanamume na mwanamke, tajiri na fukara, ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kule Aleppo bimaristani ya Arghun, ya mwaka 1354, ilikuwa na nyua zenye maji kwa ajili ya wagonjwa hao. Maduka na mashamba yaliwekwa wakfu ili kodi yake ilipe daktari, dawa na chakula mwaka baada ya mwaka, bila kungoja mtu alie mbele ya waumini siku ya Ijumaa. Tusijipambe kupita kiasi, maana msafiri Benjamin wa Tudela, aliyepita Baghdad karne ya 12, aliwakuta wagonjwa wa akili wamefungwa minyororo ya chuma. Lakini hata hao walikuwa juu ya gharama ya hazina, ndani ya jengo, chini ya uangalizi. Hawakuachwa sokoni wakirushiwa mawe na watoto.

Kuhusu zaka nitapita haraka. Mgonjwa asiyeweza kugharimia tiba yake ni fakiri au maskini, na hilo halina mjadala mkubwa. Walipokhitalifiana wanazuoni ni katika kuitoa zaka kwa taasisi badala ya kuimilikisha mkononi mwa mstahiki, na wengi, wakiwemo Mashafi'i ambao ndio wengi ukanda huu, wameshikilia kumilikisha. Kwa hiyo zaka apewe mgonjwa mwenyewe au mwakilishi wake, na mambo ya pamoja, kama kumlipa mshauri nasaha aje mara moja kwa wiki, yatoke kwenye sadaka na wakfu. Wallaahu aalam, na mashekhe wetu wanaweza kunisahihisha ukurasa wa barua toleo lijalo.

Tukifika kwenye kutoa kwenyewe, tunakutana na mkwamo ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha swali lote. Mali ya jumuiya ni amana. Mweka hazina mwaminifu anataka jina, stakabadhi, na ikiwezekana picha ya makabidhiano kwa ajili ya ripoti. Uaminifu wake ni wa kweli. Na huyo huyo, kwa uaminifu wake, anaweza kumfungia mlango asiyeomba. Nilikuwepo katika kikao cha kamati moja, si lazima niseme ipi, ombi lilipoletwa na dada kwa niaba ya dada mwingine: nauli na dawa za miezi mitatu. Likaulizwa jina. Ikaulizwa karatasi ya hospitali. Mleta ombi akaangalia meza ndefu ya watu kumi na moja, akasema atarudi Alhamisi. Hakurudi. Hakuna aliyesema neno baya kikaoni mle, na kumbukumbu za kikao ziliandikwa vizuri sana.

Al-Baqara, aya ya 271, inasema kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora. Aya za 263 na 264 zinasema kauli njema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi, na kwamba masimango na maudhi yanaibatilisha sadaka. Nilipokuwa madrasa nilidhani masimango ni kumwambia mtu "nilikupa." Sasa nadhani picha inaweza kuwa masimango. Hata orodha ya majina kwenye ubao wa msikiti inaweza kuwa masimango, kwa mtu ambaye siri yake ikitoka atapoteza posa, kazi ya kufundisha, au heshima ya ukoo mzima.

Lakini amana nayo haifutwi. Anayechanga ana haki ya kujua fedha yake haikuliwa na wajanja. Hana haki ya kujua nani amemeza dawa. Haki hizi mbili zinaweza kukaa nyumba moja zikipangiwa vyumba. Wateuliwe watu wawili nje ya siasa za uchaguzi, kaka mmoja na dada mmoja, ikiwezekana mhadhiri au mfanyakazi wa zahanati miongoni mwao. Wao waone jina. Mweka hazina aone stakabadhi ambayo jina limefunikwa. Wanachama wasomewe idadi na jumla: matibabu, watu watatu, shilingi kadhaa. Anayeona hilo halitoshi ajiulize sadaka yake aliitoa kwa ajili ya nini.

Lipo na la matokeo. Kisima kikichimbwa maji yanaonekana; futari ikipikwa sahani zinarudi tupu. Mgonjwa wa nafsi unaweza kumgharimia mwaka mzima na asipone, au apone, augue tena. Anaweza asishukuru. Anaweza kukukasirikia kwa kuwa ulimwona alipokuwa chini. Watoaji huchoka hapa, wakaanza kusema fedha zimepotea. Bukhari na Muslim wanayo habari ya mtu aliyetoka usiku tatu na sadaka yake, ya kwanza ikaangukia kwa mwizi, ya pili kwa mzinifu, ya tatu kwa tajiri. Asubuhi watu walizungumza. Naye akajulishwa kwamba huenda mwizi akaacha wizi, na mzinifu uzinzi, na tajiri akazingatia akatoa. Huenda. Mtoaji hakupewa zaidi ya hiyo huenda, na sadaka yake ilihesabiwa.

Nimesema sana juu ya fedha, na najua msomaji wangu mwingi wa toleo hili ana shilingi 1,500 za rolex ya jioni na basi. Wakati wake ndio mali yake. Katika Sahih Muslim, Anas (R.A.) anasimulia habari ya mwanamke ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Alimjia Mtume (S.A.W.) akasema ana haja naye. Mtume akamwita kwa heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ya mji ili amsikilize haja yake. Akasimama naye pembeni ya njia mpaka akamaliza. Hatukuambiwa alisema nini, wala kama maneno yake yalikuwa na maana. Tumeambiwa kwamba kiongozi wa dola, mwenye wajumbe wanaomngoja, alimwachia yeye achague mahali, na hakuondoka mpaka amalize.

Kwa hiyo kusikiliza ni sadaka. Lakini kuna hatari upande wa pili, na katika jumuiya zetu naiona inakua kwa sababu ya nia njema. Abu Daud amepokea habari ya Swahaba aliyejeruhiwa kichwa safarini, akaota usiku, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo na hali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema wamemuua, akasema dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa wenzake, walikuwa watu wema, na walitaka ibada yake iwe sahihi. Ipo na hadithi nyingine, kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mtu anayemwambia mwenzake aache vidonge kwa kuwa "vinafunga roho" ameingia katika hukumu hii, hata kama ana ndevu nzuri na sauti ya kuliza. Anayemkesha mgonjwa usiku tatu mfululizo akimsomea, na usingizi ndio dawa ya kwanza aliyoandikiwa, ameingia vilevile. Ruqya ni sunna. Isomwe, kisha mgonjwa alale, na asubuhi aende kliniki. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta tiba, na hakuitenga na dua.

Kati ya kusikiliza tu na kujitia udaktari ipo nafasi pana, na haihitaji digrii. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wa kawaida wa maeneo yale walifundishwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya wenye sonona, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na hali za waliohudhuria ziliboreka kwa kiasi kikubwa kuliko za wale ambao hawakupata vikundi. Kule Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wazee, wakakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mmoja mmoja; hao nao walipimwa na ikaonekana wanasaidia. Sikilizeni masharti yao lakini: walifundishwa, walisimamiwa, na walijua mpaka wao ni wapi na nani wa kumpelekea mgonjwa aliyevuka mpaka ule. Kujitolea bila mafunzo wala msimamizi ni ile fatwa ya safarini.

Kwa wale ambao hawajafundishwa bado, kazi zipo tele. Kumwandikia mtu nukuu za darasani. Kupanda naye bodaboda mpaka hospitali na kukaa naye kwenye foleni ile ndefu, maana wengi hurudi nyumbani kwa ajili ya foleni. Kumpelekea uji. Kumkumbusha tarehe ya kurudi. Na siri yake kuitunza, isipokuwa katika jambo moja. Mwenzako akisema anataka kujiua, au ukimshuku, muulize waziwazi, usizunguke. Kuuliza hakumpi wazo asilokuwa nalo. Usimwache peke yake, ondoa kilicho karibu naye cha kudhuru, mwite mtu mzima mwenye mamlaka na mfike hospitali usiku ule ule. Hapo siri haikufungi. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, na ahadi ya "usimwambie mtu" haiwezi kulishinda hilo.

Anayejitolea naye ana mwili. Salman (R.A.) alimwambia Abud-Dardaa (R.A.) kwamba nafsi yake na ahali zake nao wana haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Dada mmoja asibebe watu sita. Pawe na zamu, kama ile ya kubeba begi.

Rafiki yangu mmoja, aliyesoma rasimu ya makala haya, aliniambia: mfuko wetu ni mdogo, na wapo wanaolala na njaa, tukiufungua mlango huu utamaliza kila kitu. Hoja yake ni nzito na siwezi kuipuuza. Njaa itangulie. Lakini tusiwahesabu kama watu wawili tofauti, kwa sababu anayelala na njaa wiki ya sita ya muhula mara nyingi ndiye yule yule asiyeamka wiki ya nane. Na tukifungua daftari la mwaka jana tutakuta pia mabango, keki ya kuwakaribisha wageni wa mwaka wa kwanza, na mafuta ya gari la mgeni rasmi. Sisemi vilikuwa haramu. Nasema visihesabiwe kama njaa.

Uchaguzi wa kamati mpya uko mwanzo wa muhula ujao. Wagombea watapita vyumbani na ahadi za mashindano ya tajwidi, ziara na jezi za timu, na zote ni nzuri. Mimi nitamuuliza kila mmoja maswali mawili kabla sijampa kura: nauli ya bodaboda ya kumfikisha mtu hospitali saa saba za usiku itakuwa imewekwa wapi, na simu itakayopokelewa saa hiyo, upande wa kaka na upande wa dada, itakuwa ya nani.